Dumu la mawese limemvunja dereva bega. Nani alilirusha?

#1 Mwana Kidahwe
Habari za jioni wakuu. Juzi nilikuwa natoka Kasulu kurudi Kigoma na Probox. Mbele tulikuwa mimi na dereva, nyuma wamebanana wanne, kwenye buti kuna gunia la maharage, mabegi, na juu ya gunia dumu la lita 20 la mawese. Kabla hatujafika Kidahwe mbuzi akakatiza, dereva akamkwepa, gari likaingia mtaroni na kupiga pua kwenye ukuta wa kalavati. Sisi wa mbele tulifunga mikanda. Nyuma hakuna aliyefunga.

Mimi nimebaki na mchirizi wa zambarau kutoka begani hadi nyonga. Wa nyuma mmoja kavunjika mkono, mwingine meno mawili. Mama mwenye dumu, aliyekaa katikati, kachubuka mdomo tu, akashuka mwenyewe na kuanza kutafuta kandambili yake. Dereva, aliyefunga mkanda, ndiye kalazwa. Dumu lilitoka kwenye buti, likapita juu ya kiti cha nyuma, likamkuta kwenye bega la kushoto. Kombe la bega limepasuka.

Swali langu: dumu hakuna aliyeligusa, na gari lilikuwa limeshasimama. Sasa nani alilirusha?

#2 Mgebuka Mkavu
Mbuzi. Kesi imeisha, fungeni uzi.

#3 Konda Mstaafu
Pole mkuu. Nimening'inia mlangoni mwa Kosta miaka kumi na minne, hili nalijua. Dereva akikanyaga breki ya ghafla, waliosimama wote wanakuja mbele kama wameitwa majina. Breki ina nguvu yake ya kusukuma vitu mbele. Kalavati ni breki kubwa kuliko zote. Ndiyo iliyolirusha.

#4 Ticha wa Isevya
Konda, heshima yako, ila hapo umegeuza. Breki haisukumi mtu mbele. Breki inalishika gari, wewe haikushiki. Gari linabaki nyuma, wewe unaendelea na safari yako.

Mwana Kidahwe, jibu ni kwamba hakuna aliyelirusha. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, dumu nalo linakwenda 60, maharage 60, meno ya yule bwana 60. Kalavati limelisimamisha gari peke yake. Dumu halikuambiwa kitu, likaendelea na 60 zake mpaka likapata cha kulizuia, na cha kwanza kilikuwa bega la dereva. Ndiyo kanuni ya kwanza ya Newton, ya mwaka 1687. Tabia hiyo vitabu vya shule huiita inesha.

Mtu asione dumu ni kitu kidogo. Lita 20 za mawese pamoja na plastiki yake ni kama kilo 19. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde, mwendo ambao dumu lingeufikia kama lingedondoshwa kutoka mita 14 juu. Panda mnazi mrefu, mwenzako akae chini, uachie.

#5 Mgebuka Mkavu
Tabora mna minazi siku hizi? Tumia mwembe ticha, tukuelewe.

#6 Kaliua Moja
Ticha nakupinga kidogo. Dumu lilikaa juu ya gunia, na gunia lina msuguano. Tena mawese ya asubuhi yanakuwa yameganda nusu, hayachezi ndani. Kutoka kwenye buti mpaka bega la dereva ni mita moja na kitu. Hapo katikati lingekuwa limeshapungua.

#7 Ticha wa Isevya
Limepungua, ila kiasi gani? Hata tukilipa gunia msuguano wa nusu ya uzito wa dumu kwa mita nzima, kutoka 60 linashuka kufika 59. Safari ilikuwa fupi mno. Mwembe nimekubali.

#8 Asali Mbichi
Mnapiga hesabu na 60, hiyo 60 nani kaisema? Dereva? Mimi dereva wa Probox aliyekiri 61 sijawahi kukutana naye, si njia ya Kasulu wala ya Nzega.

#9 Fundi Bampa
Hilo gari nimeliona, limevutwa hadi gereji ya jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma. Nikaweka mkono kwenye boneti: shubiri mbili na ushee zimeliwa. Rejeta imehamia kwenye injini, lakini milango ya mbele inafunguka na dashibodi haikuwafuata magotini. Yaani pua imekufa ili kibanda kipone. Kingine: kiegemeo cha kiti cha nyuma, klipu yake ya upande wa kulia haishiki. Ukikisukuma kwa kidole kinalala. Kwa hiyo ticha, mimi nasema dumu halikupita JUU ya kiti. Kiti kililala, kikalitandikia njia.

#10 Mwana Kidahwe
#9 daah. Klipu sikuiona. Mimi baada ya kishindo kitu cha kwanza nilichokiona ni dumu jekundu limekaa kwenye hendibreki kama abiria.

#11 Ticha wa Isevya
Fundi, asante kwa shubiri, ni kipimo halali. Tuseme ni nusu mita. Gari la 60 likisimama ndani ya nusu mita, kazi yote inaisha kwa sehemu 6 za mia ya sekunde. Kani inayolishika gari hapo ni kama mara 28 ya uzito wake.

Sasa tazameni umbali, maana siri nzima ya kuumia iko humo. Mwendo wako lazima uishe. Swali ni umeishia ndani ya umbali gani. Aliyefunga mkanda anasimama pamoja na gari: nusu mita ya boneti, na mkanda wenyewe unanyumbuka pengine sentimita 20. Mtu wa kilo 70 anashikwa na kani kama ya tani 1.4. Inauma, inaacha mchirizi wa zambarau, lakini imeshika mifupa mipana ya kifua na nyonga. Asiyefunga hapati ile nusu mita kabisa. Boneti inabonyea yeye akiwa bado angani na 60 zake, akifika kwenye dashibodi gari limeshasimama. Yeye anasimama ndani ya sentimita tano. Hiyo ni karibu tani 20.

#12 Asali Mbichi
Ticha, kwa hesabu hiyo yule mama wa katikati, asiye na mkanda, alipaswa kuwa marehemu. Yeye kachubuka mdomo. Fizikia yako inasemaje?

#13 Konda Mstaafu
Hapo sasa. Ndiyo maana mie nasema ajali haina fomula. Kuna mzee wa Urambo alirushwa nje dirishani, akaokotwa kwenye shamba la tumbaku anaulizia kofia. Waliofunga mikanda mbele walikatwa kwa msumeno kutolewa.

#14 Fundi Bampa
Konda, wale waliorushwa dirishani wasiamke wewe huwasikii, maana hawasimulii. Mimi gari nalisafisha ndani baada ya ajali. Naomba niishie hapo.

Kuhusu mama, #12: alikuwa katikati ya watu wanne. Alipokwenda mbele alikwenda na wenzake pande zote mbili, akaingia kwenye mwanya kati ya viti vya mbele. Viti vina sponji, vinabonyea, vinampa umbali ule anaousema ticha.

#15 Kaliua Moja
Au gari lilizunguka. Dereva alikuwa anakwepa, kwa hiyo kona moja ndiyo iliyopiga. Gari likizunguka, aliyekaa mbali na kona iliyopiga na aliyekaa karibu nayo hawapati ajali moja. Mwana Kidahwe, ilikuwa kona ipi?

#16 Mwana Kidahwe
Kushoto mbele, upande wangu. Lakini sikumbuki kuzunguka.

#17 Kaliua Moja
Hutakumbuka kitu cha sehemu 6 za mia ya sekunde mkuu. Kope zako zenyewe haziwahi kufumba.

#18 Mzee wa 109
Vijana mnahangaika na vibati. Probox ni mkebe wa dagaa. Sisi tuliendesha Landrova 109 Tabora hadi Mpanda, barabara ikiwa njia ya tembo. Unagonga mti, mti unalala, unarudi nyuma unaondoka. Gari la kubonyea kwa kalavati ni gari gani hilo?

#19 Binti Ujiji
Shikamoo mzee. Hiyo imara yako ndiyo inayoua. Gari lisipobonyea, umbali wa kusimamia unapungua, na kani yote inakuja kwa aliyemo ndani. Mhandisi wa Mercedes, Béla Barényi, alilijua hilo tangu miaka ya 1950, akabuni gari lenye pua na mkia laini na kibanda kigumu katikati. Mwaka 2009 kule Marekani taasisi moja ya bima iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959, chuma kitupu, na Chevrolet Malibu ya 2009. Kibanda cha Bel Air kilikunjika na usukani ukamfuata kifuani sanamu wa majaribio aliyekalishwa kama dereva. Sanamu wa Malibu angeumia mguu tu.

#20 Mzee wa 109
Marahaba binti. Hiyo ni Chevrolet. Mimi nimesema Landrova.

#21 Fundi Bampa
😂😂 Mzee hachukuliki. Ila binti kasema kweli, na ndiyo maana nakataa kuchomelea zile ngao za mabomba mazito mbele. Mteja anataka gari lionekane dume, mimi naona ananilipa nimwondolee shubiri mbili zake.

#22 Mgebuka Mkavu
Mimi swali langu ni la uso kwa uso. Probox 80, Fuso 80, si ni sawa na kugonga ukuta ukiwa 160? Hapo mkanda wa nini, si bora rozari.

#23 Ticha wa Isevya
Hapana. Magari mawili yaliyo sawa kwa uzito, kila moja 80, yakikutana uso kwa uso, kila moja linapata ajali ya kugonga ukuta likiwa 80. Yote mawili yanabonyea, kila moja linamaliza mwendo wake. Hiyo 160 ni hadithi ya vijiweni.

#24 Kaliua Moja
Ila kasema Fuso, ticha, hakusema Probox kwa Probox. Kanuni ya tatu: Fuso inaipiga Probox kwa kani ileile ambayo Probox inaipiga Fuso. Sawasawa kabisa, mkitaka msitake. Tofauti iko kwenye uzito. Tuseme Probox na mzigo tani 1.5, Fuso tani 10, kila mmoja 60. Zikishikana zinaondoka pamoja kuelekea kule Fuso ilikokuwa inakwenda, kwa kama 44. Dereva wa Fuso kapunguziwa 16 tu, kama breki kali. Wa Probox katoka 60 mbele hadi 44 kinyumenyume: badiliko la 104.

#25 Mgebuka Mkavu
Kwa hiyo rozari.

#26 Dada wa Wodi
Samahani nimechelewa, nilikuwa zamu. Naona mnahesabu boneti na viti, mmesahau kilichomo ndani ya ngozi. Gari linagonga kalavati, mwili unagonga mkanda au kiti, halafu viungo vya ndani vinagonga mwili wenyewe. Ubongo unaelea kwenye fuvu; fuvu likisimama wenyewe unaendelea, unapiga mbele na kurudi kupiga nyuma. Ini na bandama vimening'inia. Mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni una mahali umefungwa na mahali uko huru, na hapo katikati ndipo unapochanika. Nje unaweza usione hata mkwaruzo.

Mwana Kidahwe, yule mama alipimwa tumbo? Au mlimtazama mdomo mkamwacha?

#27 Mwana Kidahwe
Dada, alikataa hospitali, akasema mzima. Nimempigia sasa hivi. Anasema yuko nyumbani amelala, kizunguzungu kidogo, na bega la kushoto linamuuma. Nikamuuliza kama dumu lilimpitia begani, akasema halikumgusa kabisa.

#28 Dada wa Wodi
Mpelekeni hospitali SASA. Asile, asitembee sana, msingoje asubuhi. Bega la kushoto linalouma bila kupigwa, na kizunguzungu juu yake, mara nyingine ni bandama inayovuja. Damu inagusa kiwambo cha chini ya mapafu, na neva yake inapeleka maumivu begani. Mwambie daktari maneno hayo hayo: ajali ya gari, bega la kushoto, hakupigwa begani.

#29 Mwana Kidahwe
Natoka na bodaboda kwenda kwake.

#30 Asali Mbichi
Ee Mungu. Tukisubiri, dada nina swali. Huku Tabora akina mama tunapakata watoto siti ya mbele, tunafunga mkanda mmoja wawili, mtoto mbele yangu. Si ni salama kuliko bila?

#31 Dada wa Wodi
Hapana mama. Hapo wewe ndiye unakuwa dumu na mtoto ndiye bega. Uzito wako wote unambana kwenye mkanda. Na ukifunga wewe tu ukamshika mkononi, mtoto wa kilo 10 kwenye ajali kama hii ya Kidahwe anakuwa na uzito wa kama kilo 200. Gunia mbili za mahindi. Huzishiki. Kiti chake mwenyewe, siti ya nyuma. Mjamzito naye afunge, ila ule wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga.

#32 Asali Mbichi
Kiti cha mtoto kwenye Probox ya watu saba. Haya dada. Trafiki mwenyewe akitusimamisha anachungulia wawili wa mbele tu.

#33 Konda Mstaafu
Mimi naombeni kuuliza la walevi. Mbona mlevi akipata ajali anatoka mzima? Tunaambiwa mwili wake umelegea, kani inapita tu.

#34 Fundi Bampa
Mlevi mara nyingi ndiye aliyegonga, Konda. Ulizia aliyegongwa.

#35 Kaliua Moja
Kulegea hakukupi umbali. Kufungwa vizuri ndiko kunakoleta. Tarehe 10 Desemba 1954 daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp, alikaa kwenye kiti cha roketi juu ya reli, kikafika kilomita 1,017 kwa saa, kikasimamishwa ndani ya sekunde 1.4. Alibebeshwa mara 46 ya uzito wake. Macho yalijaa damu, mbavu na mikono ilikuwa imeshavunjika kwenye majaribio ya nyuma, lakini alipona. Alikuwa amefungwa mikanda kila mahali, hakulegea hata kidole. Miaka mitano baadaye, 1959, Nils Bohlin wa Volvo akaleta mkanda wa ncha tatu tunaoutumia leo, na kampuni ikaacha wengine wauige bure.

#36 Mgebuka Mkavu
Roketi juu ya reli. Hii yetu ya kati ilifika Kigoma 1914 na bado hatujaona hata nusu ya mwendo huo.

#37 Mzee wa 109
Nimekaa nikawaza. Zile ajali za 109 zilizoua, gari lilikuwa zima. Tulikuwa tunasema "kafa kwa mshtuko".

#38 Dada wa Wodi
Ndiyo baba. Huo mshtuko ulikuwa damu ndani.

#39 Mwana Kidahwe
Nimerudi. Wamempiga ultrasaundi, kuna damu kidogo pembeni ya bandama. Wamemlaza, wanampima presha kila baada ya muda, daktari kasema pengine hatapasuliwa, wanaangalia. Dada wa Wodi, sijui nikuambie nini.

#40 Dada wa Wodi
Usiniambie kitu, nenda kalale. Kesho ulizia wingi wa damu kama umeshuka.

#41 Ticha wa Isevya
Namshukuru Mungu. Na #12 nimepata jibu: hakuchubuka mdomo tu. Alisimama kwenye kitu kigumu. Nadhani ni ukingo wa kiti cha dereva, kwenye mbavu za kushoto.

#42 Fundi Bampa
Alikuwa katikati, ticha. Ukingo wa kiti cha dereva ungemkuta kulia. Kushoto kwake ni ukingo wa kiti cha Mwana Kidahwe, na pale pana plastiki ya pembeni ya kiti. Nimeitazama, imevunjika.

#43 Kaliua Moja
Au kiwiko cha jirani. Watu wanne kwa siti ya watatu ni viwiko vinane, na kila kiwiko kilikuwa 60. Mimi bado nasema gari lilizunguka, ndiyo maana dumu likaenda kulia, kwenye bega la dereva, badala ya kunyooka na kumpiga mama kisogoni.

#44 Fundi Bampa
Lilienda kulia kwa sababu klipu mbovu ni ya kulia. Kiti kimelala upande ule.

#45 Konda Mstaafu
Au mama alikuwa ameshainama kwenye mwanya, likapita mgongoni. Mmoja nyuma ya mwingine kama foleni ya tiketi.

#46 Mwana Kidahwe
Habari za asubuhi wakuu. Mama hali nzuri, damu haijashuka, kaamka anataka uji. Dereva naye wako jengo moja, kafungwa mkono kifuani. Mama kanituma nimuulize dereva nani atamlipa dumu lake.

#47 Mgebuka Mkavu
Kwani lilipasuka?

#48 Mwana Kidahwe
Halikupasuka. Limebonyea upande mmoja tu, umbo la bega linaonekana kabisa, mfuniko umeshika, mawese yote yamo. Lipo kwangu jikoni.

#49 Mgebuka Mkavu
Bei gani?